Ukuta wa Yueh-tao

Dada Yueh-tao, mpika tambi wa mtaa wetu hapa Panchiao, alinunua nyumba ya ghorofa ya juu kabisa kwa ajili ya kile chumba kilichoongezwa juu ya paa. Humo angeweka madhabahu ya marehemu mumewe, pasipo mtu wa kumkanyagia kichwani. Nanyi mnajua, wafu wetu hawakai chini ya miguu ya watu.

Muuzaji, bosi Peng, anakaa jengo la pili, paa kwa paa. Aliapa mbele ya mungu wa mtaa kwamba chumba kina kibali cha manispaa.

Kimbunga cha kwanza kikaingiza maji hadi kwenye kibao cha jina la marehemu. Fundi aliyeitwa akakataa kugusa chochote: hicho chumba hakina kibali.

Jioni, tukisubiri lori la taka na mifuko mkononi, Yueh-tao akamwuliza Peng mbele yetu.

"Kibali?" Peng akacheka. "Dada mkubwa, umekula chumvi yote hiyo, bado unamwamini muuzaji? Nenda kashtaki. Kitakachobomolewa ni chako."

Wengine wakacheka naye. Lori likaja na muziki wake wa kutuita. Yueh-tao akatupa taka zake.

Akapanda juu kutazama. Peng naye alikuwa na chumba kwenye paa lake, cha maua yake ya okidi, ya mashindano. Kwa ubahili hakujenga ukuta wa upande ule. Mihimili yake aliiegemeza kwenye ukuta wa Yueh-tao.

Akarusha vibao viwili vya mbao, vile vya kuulizia wafu, kumwuliza mumewe kama yu radhi kushuka. Kimoja kikalala chali, kingine kifudifudi: yu radhi. Akakishusha kibao cha jina lake sebuleni. Kisha akaenda manispaa, akajishtaki mwenyewe.

Wabomoaji walipofika, akawapikia tambi. Peng akaja mbio, ndala mguu mmoja.

"Dada, waambie wasimame. Huo ukuta umebeba paa langu."

"Ukuta wa nani, kaka Peng?"

"Wako, dada."

"Na kuuegemea, una kibali?"

Nyundo zikaendelea. Paa la Peng likainama taratibu, likalala juu ya okidi.

Jioni ile Peng alisubiri lori na mfuko wa maua yaliyopondeka. Yueh-tao akauchungulia.

"Usichanganye na vigae, kaka. Watakurudishia."

Akapanda sebuleni kwake kumwashia mumewe udi. Juu ya kichwa cha marehemu sasa palikuwa na paa tupu na mbingu.