Mafuta ya Mama na Neti Iliyofunika Sukuma

Juzi sokoni Kasikeu muuzaji mmoja alinifungulia kichupa ninuse. "Hii ni mutaa, mama. Ukijipaka, hata neti hauhitaji." Harufu kali ya kivumbasi ikanipanda puani, nikapandwa na hasira hapo hapo. Nilimrudishia kichupa chake nikaondoka.

Kwetu Kanyangi, mama yangu ndiye aliyejulikana kwa mafuta hayo. Alitia majani ya mutaa kwenye sufuria kubwa yenye maji, katikati akaweka bakuli juu ya jiwe. Kifuniko alikipindua, akakiziba kwa unga uliokandwa, kisha juu yake akamwaga maji baridi ili mvuke udondoke bakulini. Yalielea mafuta kidogo tu, akayaengua kwa kijiko na kuyachanganya na ya kujipaka. Maji ya kifuniko yakipoa, waliyanywa mbuzi. Kumwaga maji, kwetu? Thubutu!

Mvua iliponyesha, kuku walianza kufukua miche yetu ya sukuma. Mama akaitoa neti kitandani, akaifunika miche. Nyanya akauliza, "Na watoto je?" Mama akacheka. "Watoto wako na mafuta yangu." Kila jioni alitupaka, mimi na mdogo wangu Mwende, tukanukia kama kichaka, na kweli mbu hawakutugusa tukiwa macho.

Mwende alishikwa na homa kabla sukuma hazijafika hata kuchumwa. Zahanati ilikuwa ng'ambo na mto ulikuwa umejaa. Maji yalipopungua mama alimvusha mgongoni, na akarudi naye mgongoni vilevile, ila sasa amemfunika uso.

Mama hakuacha kuchemsha mutaa, na hilo lilinikera sana. Tena yeye alimuuliza kila mteja, "Neti mko nayo nyumbani?" Asiyekuwa nayo hakuuziwa; chupa ilirudi kikapuni. Wanawake wa soko walimcheka, ati anafukuza wateja wake mwenyewe, nami nikaona aibu kukaa karibu naye.

Nilimwelewa nilipopata wangu wa kuwapaka. Harufu ile huwa imeisha kabla ya alfajiri, mtoto akiwa usingizini, na mbu bado wapo. Mama alilijua hilo kwa gharama ya Mwende, na kila siku ya soko alilirudia mbele ya watu wanaocheka.

Sikufika mbali siku hiyo ya Kasikeu. Niligeuka, nikamrudia yule muuzaji.

"Una watoto?" nikamuuliza.

"Wawili."

"Neti mko nayo nyumbani?"