Mawe ya Ukingo

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo miguu yangu inaikumbuka kuliko kichwa. Siku hiyo nilikimbia kutoka barabarani hadi nyumbani kwa Mama Mapendo, na njia ile ambayo leo naimaliza kwa kupumzika mara mbili, niliipita bila kujua kama navuta pumzi. Lakini nikianzia kwenye mbio hizo nitakuwa nimekudanganya. Ubaya haukuanza siku ile. Ulianza wakati wa kiangazi, kwa jiwe moja, na aliyeling'oa ni mimi.

Nilikuwa mke mpya hapa Kasenga. Mume wangu, Baba Neema, alibeba mizigo kwa baiskeli, anakwenda Kiliba alfajiri na kurudi jua likizama. Mimi niliponda mawe. Tulikuwa wanawake wengi mtoni, kila mmoja na nyundo yake, tunaokota mawe katikati ya mto, tunayapasua kuwa kokoto, tunayabeba kwa beseni hadi barabarani ambako makamyo ya mizigo yalikuja kuyachukua. Kazi ya vumbi na vidole vilivyochubuka, lakini ilitupa ugali na sombe ya majani ya muhogo, na siku nyingine ndagala, vile visamaki vya ziwani.

Watoto wetu tuliwaacha kwa Mama Mapendo. Huyo alikuwa Mufuliiru, mwenyeji wa zamani wa hapa, mwenye nyumba ndogo kando kabisa ya mto, na bustani ya mboga ya lengalenga nyuma yake. Mumewe, Mzee Byamungu, miguu yake ilikuwa imekufa ganzi miaka mingi. Alikaa mlangoni akisuka vikapu, watoto wamemzunguka, Neema wangu akitambaa juu ya mapaja yake kama juu ya kitanda. Mama Mapendo hakutudai kitu. Tukimletea muhogo alishukuru, tusipoleta alishukuru vilevile.

Kulikuwa na sheria moja mtoni. Haikuandikwa popote, wala hapakuwa na chifu aliyeisimamia. Mawe ya katikati ni ya kila mtu, mto wenyewe unayaleta upya kila mvua. Mawe ya ukingo, yale makubwa yaliyoshikana na mizizi ya matete, hayaguswi. Tuliwakuta bibi zetu wakiishika, nasi tukaishika.

Mwaka ule watu walikuwa wengi mjini. Wengine walishuka kutoka milima ya juu na ng'ombe wachache waliobaki, wengine walitoka bondeni Ruzizi, wote wakikimbia vita, wote wakitafuta pa kulala. Nyumba zilichipuka kama uyoga. Kokoto zikatakiwa kuliko chakula. Kufika mwisho wa kiangazi, katikati ya mto palibaki mchanga mtupu, na ili upate beseni moja ilibidi upande mbali, hadi pale mto unapotoka mlimani.

Nami nilikuwa nataka nyumba. Usinicheke. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja kinachovuja, na nilishaanza kukusanya mawe ya msingi kwenye kiwanja chetu. Kila jioni niliyatazama nikaona ni machache. Basi asubuhi moja, badala ya kupanda mbali, nilitia mtarimbo chini ya jiwe la ukingo, mbele kidogo ya nyumba ya Mama Mapendo. Likatoka. Udongo mwekundu ukamwagika nyuma yake, kiasi cha kiganja, ukanyamaza.

Mama Mapendo alitoka na ufagio mkononi.

"Sifa," akaniita, "weye unafanya nini hapo?"

"Ni jiwe moja tu, Mama."

"Jiwe hilo iko na kazi. Minye nimelikuta hapa, na mama ya mume wangu alilikuta. Ulirudishe."

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nilimjibu neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafunika uso: "Mama, weye ulishajenga. Sisi tujenge na nini?"

Alinitazama. Hakunitukana. Akasema polepole, "Kitu kisicho na mwenyewe, binti yangu, hakimaanishi ni chako. Maana yake ni cha wote." Akageuka, akaingia ndani kumfuta Neema makamasi.

Nilichukua lile jiwe. Kesho yake nikachukua mawili. Siku ya tatu nikakuta mwenzangu ameshatia mtarimbo pembeni yangu, na alipoona namtazama akasema, "Kama minye sichukue, mwingine atachukua." Ndani ya majuma machache tulikuwa kumi na zaidi tumejipanga mstari kwenye ukingo, kila mmoja akiharakisha kabla mwenzake hajamaliza. Hatukuimba tena kama zamani. Tulichungana kwa macho. Wazee husema haba na haba hujaza kibaba. Sisi tulijifunza kwamba haba na haba hukimaliza pia. Ukingo ukabaki ukuta wa udongo mtupu, matete yakining'inia mizizi nje.

Huko juu milimani nako, wachoma makala ya kupikia walikuwa wamenyoa miti. Sisi hatukuwaza hilo. Kila mmoja alitazama beseni lake.

Basi ikaja siku ile. Saa nane mchana, jua kali hapa mjini, ziwa lililo chini ya mji limetulia. Nilikuwa barabarani napakia kokoto kwenye kamyo. Dereva ndiye aliyeinua kichwa.

"Angalieni mlima," akasema.

Mlima haukuwepo. Palikuwa na weusi tu, umeshuka hadi nusu ya mteremko. Kwetu halikudondoka hata tone. Kisha nikasikia sauti ambayo kwanza nilidhani ni makamyo mengi yanakuja kwa pamoja. Ardhi ikatetemeka chini ya nyayo. Mwanamke mmoja akapiga ukelele: "Mto! Watoto wako mu nyumba!"

Nilitupa beseni. Hapo ndipo zile mbio nilizokuambia. Nakumbuka kiatu kimoja kilitoka. Nakumbuka watu wakikimbia kuelekea kwangu, mimi peke yangu nikienda walikotoka, na mtu akinishika mkono, nami nikimuuma.

Nilipofika, mto ulikuwa umeshapata mlango. Mahali pengine pote ukingo ulishikilia. Pale petu, pale tulipopafungua, maji ya tope yalikuwa yanaingia yakiviringisha mawe makubwa kuliko mbuzi. Uani maji yalifika magotini. Mama Mapendo alikuwa amefunga Neema mgongoni kwa kitenge, ana mtoto mwingine kwapani, na Mzee Byamungu, aliyekaa palepale mlangoni pake na maji kifuani, alikuwa anampokeza watoto mmoja mmoja kutoka ndani.

"Pokea!" Mama akanipigia kelele. "Pokea, usisimame!"

Nilipokea. Niliwapitisha kwenye ukuta wa jirani uliokuwa juu kidogo, ambako watu walinyoosha mikono. Watano. Sita. Wa saba alikuwa Neema, wa mwisho. Mama Mapendo akamfungua mgongoni, akanitupia kifuani, akageuka kumfuata mumewe.

"Basi," Mzee akasema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Mama Mapendo, basi. Nenda."

Yeye akapiga hatua. Nami, Mungu anisamehe, nilimshika kitenge cha kiunoni nikakikunja mkononi, sikumwachia. Alinipiga, akanikwaruza, akaniita majina. Nikashikilia. Ukuta wa mbele uliinama kama mtu anayesinzia, ukaanguka, na mlango haukuwepo tena, wala aliyekuwa amekaa hapo.

Tulimpata kesho yake ufukweni, karibu na ziwa.

Waliopoteza nyumba walilazwa kwenye ukumbi wa kanisa. Mama Mapendo alikaa kwenye benchi siku tatu. Nilimpelekea uji, nikamwekea, nikauondoa umepoa. Siku ya nne nilipiga magoti mbele yake, nikasema yote: jiwe la kwanza, la pili, jibu langu la kiburi. Nilitaka anipige tena. Nilitaka aseme nimesamehewa, ili nilale.

"Minye najua," akasema. "Nilikuona, si uliniona nikikuona?"

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe, nitasema kwa kinywa. Lakini mto hausikii kinywa. Mawe yako wapi?"

"Yako kwangu. Ya msingi."

"Uyarudishe."

Nilimwambia Baba Neema jioni ile. Alisimama kwenye kiwanja chetu, katikati ya yale malundo tuliyoyaita nyumba yetu, akasema, "Hata ukirudisha yote, Mzee hatarudi."

"Najua."

Asubuhi nilimkuta anafunga mawe kwenye baiskeli.

Sitakupambia hadithi, mwanangu. Si wote waliokuja. Mmoja alituambia usoni kwamba sote tulichukua, kwa nini arudishe yeye? Nyumba yake ilisimama vizuri, yetu haikuwa hata na msingi. Wengine walikuja siku moja wakachoka. Lakini wanne tulibaki, na Mama Mapendo mwenyewe alituonyesha jiwe gani likae chini na lipi juu, matete yapandwe wapi, mianzi wapi. Tulimaliza kiangazi kilichofuata. Mto haukurudi kamwe mahali pake pa zamani; pale nyumba ya Mama Mapendo ilipokuwa ni mchanga hadi leo. Lakini nyumba zilizo nyuma ya hapo zimesimama, na watoto waliozaliwa humo ndio nyinyi.

Mama Mapendo tulimjengea chumba cha udongo ubavuni kwetu. Aliishi nasi mpaka alipofariki. Kuna siku alicheka na Neema, na kuna siku hakutaka kuniona. Zote nilizipokea. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Sasa nimesikia, mwanangu, kwamba wewe na wenzako mmenunua makoleo, mnachimba mchanga chini ya ile mianzi. Nimesikia pia mnavyojibu: tusipochimba sisi, watachimba wengine. Neno hilo nalijua. Nimelisikia mtoni, nimelitumia mwenyewe rohoni. Ndilo neno linalonyoa milima, linalotandika nyavu za matundu madogo na kumaliza vifaranga vya samaki. Kila mtu analisema, na kila anayelisema anadhani yeye ni wa kuchukua kidogo tu. Hakuna aliyefungua ukingo ule peke yake. Tuliufungua sote, beseni kwa beseni, na aliyelipa ni mzee asiyekuwa na miguu ya kukimbia. Ndivyo ilivyo siku zote: anayelipa ni yule asiyeweza kukimbia.

Sikukatazi kujenga. Jenga. Sikukatazi kula kwa mto, mto ni mama, ananyonyesha. Lakini jua kipi anachokupa na kipi ni mfupa wake. Chukua kile ambacho mvua itakirudisha, na ukiwa umeshachukua kisichorudi, usije kwangu na samahani. Njoo na mawe. Na ukiona mwenzako ametia koleo mahali pasipoguswa, usikimbilie kutia lako. Kaa naye, umwambie, hata akikucheka. Mmoja akisema hapana, wa pili anapata pa kusimama.

Mungu wa milima hii na ziwa hili akupe mkono unaojua kutosheka. Akupe nyumba isiyojengwa kwa ukuta wa jirani. Mvua ikinyesha juu, ikukute umelala, na watoto wako wamelala, na asiyeweza kukimbia awe salama mlangoni pake. Nenda, mwanangu, baraka zangu ziko nawe. Na hilo koleo, uliache hapa kwangu.