Niliposingizia Mafuta ya Ndege

Mimi ni fundi wa pikipiki na matrekta hapa Manyoni, na wiki iliyopita nilijifanya fundi wa ndege. Rubani wa kindege cha tajiri mmoja aliniomba kitu kimoja tu: nimsafishie chujio la hewa, maana lilijaa vumbi. Kwa sifa zangu, nikampigia simu mke wangu amlete mama yake uwanjani, aje aone mkwe wake anavyotengeneza ndege.

Nilipomaliza, rubani akawasha. Injini ikakohoa, ikazima. Akarudia, ikazima tena.

"Mafuta yako machafu," nikamwambia kwa sauti, ili mama mkwe asikie. "Sisi wazoefu tunajua kwa mlio tu."

Rubani akashuka. Alifungua bomba la hewa, akaingiza mkono, akavuta kitambaa kilicholowa grisi. Ni mimi niliyekichomeka mle kuzuia vumbi, nikakisahau.

Akakikunjua mbele ya watu wote. "Fundi, hiki ni cha nani?"

Kabla sijakana, mke wangu akadakia: "Baba Neema! Si bukta yako hiyo niliyoitafuta siku nzima?"

Mama mkwe akajifunika uso kwa kitenge.