Sisi Nani?

Mama Rafu hakupewa jina hilo kwa heshima. Wapakizi wa bohari ya dawa walimwita hivyo kwa sababu alizipenda rafu zake kupita kiasi, na kwa sababu ukigusa mpangilio wake alikuchezea rafu ya kweli, na refa hayupo. Alifanya kazi pale miaka kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyebuni habari ya tepe: nyekundu kwa katoni ambayo dawa zake zinakaribia kuisha muda, njano kwa ya kusubiri, na bluu kwa ile iliyokwisha kufunguliwa. Dawa za kutupwa zikapungua mpaka wakubwa wakaja wenyewe kuuliza siri ni nini.

Hapo ndipo alipojiponza. Alilelewa akiambiwa mwenye adabu hajisifu, basi akasimama mbele yao akasema, "Tuliona tatizo, tukakaa, tukapanga, tukaweka tepe." Msimamizi wake aliitwa Bwana Tai, na wapakizi hawakukusudia kile kitambaa cha shingoni peke yake. Aliidaka ile "tu", akaingia nayo ofisini, ikatoka "ni". Nilipanga. Niliweka. Akapandishwa cheo. Mama Rafu alipolalamika, akaandikiwa kwenye faili lake: hana ushirikiano. Mwezi uliofuata alikuwa nyumbani, anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Miaka miwili maneno hayo mawili yalimkaa kooni. Siyo kwamba alimwomba Mungu amwadhibu mtu, hapana. Alikuwa akimpa Mungu mapendekezo tu.

Kisha kampuni nyingine ikatangaza nafasi ya mkuu wa bohari. Akaomba, na jibu likaja: afike kwenye tathmini ya tabia kazini, afanye zoezi la kikundi na waombaji wengine watatu.

"Tabia yangu imewakosea nini?" aliuliza.

Binti wa kaka yake, afisa utumishi mahali pengine, akajitolea kumnoa. Kila alipotoka kazini walikaa kwenye meza ya jikoni, binti na kalamu yake, shangazi na hasira zake.

"Shangazi, tueleze siku uliyotofautiana na msimamizi wako."

"Yule mwizi? Yule mla jasho la watu, asiyejua hata..."

"Umefeli. Ukimtukana yeye, wanakuandika wewe. Sema kilichotokea, ulichofanya, kilichopatikana. Haya, tena."

"Dawa zilikuwa zinaharibika, tukapanga..."

"Nani alipanga?"

"Si ni sisi!"

"Sisi nani, Shangazi? Taja."

Mama Rafu akaanza kuhesabu kwa vidole. Ukweli ni kwamba walikuwa wawili, yeye na ngazi.

Tangu hapo binti akawa anagonga meza kwa kalamu kila "tu" ilipomponyoka. Siku ya kwanza aligonga mara kumi na tisa. Siku ya sita hakugonga. "Nilipanga," alisema Mama Rafu, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Akasema tena, na safari hii ikamnogea.

Siku ya tathmini alifungua mlango wa chumba cha kusubiri, na nani kaketi? Bwana Tai mzima. Wapakizi walikuwa wameshamwambia: kule cheo kilimshinda, dawa zikarudi kuharibika, akashauriwa ajitafutie pengine. Mama Rafu akafurahi furaha isiyo halali. Alimwamkia vizuri, akamuuliza na hali ya nyumbani.

Waliwekwa wanne mezani, wasaili wawili wakakaa pembeni na karatasi zao. Swali lilikuwa bohari yenye dawa zinazoharibika: wakubaliane wataipangaje. Bwana Tai hakungoja.

"Mimi kule nilikotoka nilibuni mfumo wa tepe," alianza.

Kinywa cha Mama Rafu kikajaa matusi ya miaka miwili, yote mapya, hayajatumika. Akayameza moja moja.

"Samahani, bosi," akasema kwa upole. "Hiyo ya bluu uliiweka ya nini?"

"Bluu... bluu ni dawa salama. Za muda mrefu."

"Na katoni iliyokwisha kufunguliwa ulikuwa unaitambuaje?"

Bwana Tai akalegeza tai. "Hayo ni mambo madogo madogo. Ujue hatukufanya kazi mtu mmoja mmoja. Tulipanga. Tulisaidiana."

"Sisi nani, bosi? Taja."

Kalamu za wasaili zikasimama. Bwana Tai alitazama meza, akatazama mlango. Msaili mmoja akamgeukia Mama Rafu.

"Mama, wewe unajua ya bluu ni ya nini?"

"Ya katoni iliyofunguliwa, imalizwe kabla hamjafungua nyingine. Niliiweka mimi. Niliona sita zimefunguliwa nusu nusu, nikaenda dukani, nikanunua tepe."

Kazi aliipata. Barua ilikuja na matokeo ya tathmini, binti akayasoma kwa sauti. Ushirikiano: mzuri sana. Shangazi akamtaka asome mstari huo mara tatu.

Kesho yake asubuhi akatoa fotokopi, akavaa viatu vya kutokea, akaenda mpaka kwenye bohari ya zamani. Alimkabidhi karatasi binti wa mapokezi, akaomba iwekwe kwenye faili lake, juu ya ile nyingine.

"Nikiulizwa imeletwa na nani, niseme nini?"

"Sema nimeleta mimi."