Kombi Uani kwa Bibi

Harufu ya sponji iliyopigwa na jua hainipiti hivihivi. Juzi nilikatiza mbele ya duka la magodoro hapa Malindi, mwenyewe ameyatoa nje wateja wayaone, jua limeyachoma tangu asubuhi. Papo hapo nikajikuta ndani ya gari la baba, nina miaka kumi, nimenuna.

Gari lenyewe lilikuwa Kombi kuukuu. Baba, aliyekuwa fundi wa magari Mombasa, aliuziwa na mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa na kitanda cha kukunjua, jiko la gesi, mapazia ya maua na kijisinki ambacho mfereji wake haukutoa hata tone. Baba alilipenda kupita kiasi. Ilipofika likizo ya Agosti, miezi michache baada ya mafuriko ya El Nino, alitupakia humo mama, mimi na mdogo wangu Salimu aliyekuwa bado ananyonya, twende Tana River tukawaone jamaa walionusurika na maji. Tungelala garini na kujipikia garini. "Watu wamepoteza vyao vyote," alimwambia mama. "Hatuendi kuwaongezea mzigo."

Garsen tulisimama kwa Godana, Muorma aliyesoma na baba shule ya msingi, ambaye sasa alikuwa akiuza ng'ombe. Alilizunguka gari, akachungulia jiko, akabonyeza godoro kwa kidole. "Nyinyi Wapokomo mlitucheka sana, eti sisi nahama na nyumba," alisema. "Sasa wewe pia nakuwa mtu ya kuhama." Akatupa kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi, na baba akacheka kwa furaha kana kwamba amesifiwa. Mimi nami nilivimba kichwa. Tulipoondoka watoto wa mjini walitukimbilia nyuma, na nilikuwa nimeutoa mkono dirishani kama mke wa waziri.

Maringo yangu yaliishia kijijini Hewani. Huko ndiko walikokuwa Babu na Bibi, wazazi wa baba, na walikuwa wakimlea Habiba, binti wa shangazi yangu, tuliyelingana naye kwa umri. Nyumba yao ilichukuliwa na maji, wakajenga nyingine ndogo ambayo udongo wake ulikuwa haujakauka vizuri. Baba aliegesha uani, karibu na jikoni, akafungua mapazia.

Kwetu, Bibi na mjukuu wa kike hutaniana kama wake wenza, na mume wanayemgombania ni Babu. Nilikuwa nikiujua utani huo kwa kuusikia tu. Pale Hewani niliuona, na uliniumiza. Alfajiri Bibi alikuwa tayari amesimama mlangoni, kiuno ameshika: "Wewe mwanamke mvivu, jana ulimpa nini mume wangu hata leo hanitazami?" Habiba, mikono imejaa majivu ya sufuria, humjibu bila kugeuka: "Nimempa chai yenye sukari. Yako ni maji ya mtoni." Bibi humrushia ukuti. Babu alikuwa akisuka mgono wake wa kutegea samaki, kana kwamba wanamgombania mtu mwingine. Na kutwa nzima ikawa hivyo, matusi mtindo mmoja: miguu ya Habiba ilikuwa mwiko wa ugali, wali wake ulikuwa gundi, na usingizi wake ulikuwa wa mtu aliyekula chatu.

Mimi niliitwa mgeni. Nilifutiwa kigoda kabla ya kukaa. Niliwekewa sahani yangu peke yangu, na juu ya wali yai la kukaanga ambalo Habiba alilitazama tu. Nikishika ndoo, Bibi huniondolea mikononi: "Hapana mwanangu, mamba wa hapa hawakujui." Nikikosea, huambiwa si kitu. Jioni moja nilivunja kikombe kwa makusudi. Bibi akaokota vigae, akaniuliza kama nimeumia. Nilikwenda kulilia nyuma ya gari. Nilimwonea Habiba wivu wa kuniwasha mwili, na kilichozidi kuniudhi ni kwamba yeye naye alikuwa ananionea mimi. Kila akipata nafasi alipanda garini, akafungua ule mfereji mkavu na kuufunga, akanusa godoro. "Mnalala humu kila siku?" aliniuliza. Nilimjibu ndiyo, na nikatamani tubadilishane tumalize.

Siku ya kuondoka, baada ya chakula cha mchana, baba alijinyoosha garini apumzike kidogo kabla ya kushika usukani. Babu alikuwa msikitini. Niliingia chumbani kwa Bibi, nikapanda kitanda chake cha kamba, nikalala upande wa ukutani, mahali pa Babu. Bibi aliponikuta alisimama.

"Shuka," alisema. "Hapo pa mume wangu."

"Ni mume wangu mimi pia," nikasema.

Alishika kiuno. "Kumbe mwizi mwenyewe ndiye huyu," akasema. "Tena amekuja na gari kabisa, ambebe. Na kichwa hicho kama chungu, mume wangu atakuona wapi?" Akanifinya paja, akanisukumia ukutani kwa kiwiko, akalala kando yangu huku akiendelea kunitukana taratibu. Nililia kwa raha. Sijapata tena kutukanwa vizuri namna ile.

Aliponyamaza, aliniuliza baba yuko wapi. Nikamwambia amelala garini. Alitazama makuti mapya ya paa. "Gari lile lina bahati," akasema.

Tulipokuwa njiani nilimweleza baba kwamba Bibi naye, kama Habiba, anatamani kulala kwenye Kombi. Baba alicheka mpaka akapiga usukani. "Safari ijayo tutamlaza humo hata wiki nzima," alisema, na mimi nikacheka naye. Mama peke yake hakucheka. Aligeuka akatazama nje.

Siku hizi Salimu, yule mtoto wa kunyonya niliyembeba mgongoni Hewani kote, ni mtu mzima, ana mke na kazi Nairobi. Wakija Malindi hunitembelea, wakala, wakacheka, kisha ikiingia magharibi huchukua funguo zao na kwenda kulala gesti. "Hatutaki kukusumbua, dada," husema, na najua anasema kwa upendo. Chumba huwa nimekifagia. Shuka huwa nimezitandika tangu asubuhi. Nimeipita ile gesti mara nyingi, na nakiri kwamba nalionea wivu jengo zima, hadi mlinzi wake wa getini. Mara ya kwanza waliponiaga hivyo, ndipo nilipoelewa ni nini Bibi alichokuwa akililia kwenye lile gari. Alitaka mwanawe alale ndani ya nyumba yake, hata kama ni chini, hata kama udongo bado mbichi.

Sijamwambia Salimu. Nikiwasindikiza mlangoni huwatakia usiku mwema, nikamuuliza kesho angependa chai ya maziwa au ya rangi, kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni.