Swali Kutoka Kapchorwa

Cheptoo alizaliwa Kapchorwa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, akaolewa na Micah, mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu mmoja karibu na stesheni ya reli ya Rongai, Kenya. Mwaka 1953, akiwa amepalilia mahindi ya mzungu huyo kwa miaka kumi na miwili, alipata barua ya kaka yake, Kipkemei. Alisomewa na Odero, karani wa stesheni.

Kipkemei alisema waziri mmoja huko London amegusia kuziunganisha Uganda na Kenya, na watu wamechafuka roho. Kwa hiyo aliuliza: wewe unayeishi na masetla, tukiunganishwa watakuja kuchukua mashamba yetu?

Cheptoo hakujua, akawauliza watu. Odero alidhani muungano utaleta kazi. Micah alisema mambo hayo hayawahusu watu wa maziwa. Memsahibu, mke wa mzungu, alimwambia kwa upole kwamba Uganda haina la kuhofia, kisha akataka kujua ni nani aliyemtia maneno hayo. Kesho yake Micah aliitwa ofisi ya shamba akahojiwa asubuhi nzima. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, watu walikuwa wakikamatwa kwa jambo dogo kuliko hilo. Micah aliporudi, Cheptoo aliogopa kuuliza tena.

Lakini kaka alikuwa akingoja. Jumapili baada ya kanisa Cheptoo alirudi kwa Odero.

"Mwandikie kwamba tumehamishwa kutoka kishamba tulichopewa, nilichokifyeka mwenyewe, bwana anataka kupanda ngano," alisema. "Kama watakuja huko, sijui. Lakini wakiwaletea karatasi mtie alama ya kidole, msitie."

Odero alisita, maana barua zilikuwa zikifunguliwa na serikali. Mwishowe aliandika, akamsomea. Cheptoo hakuwa na njia ya kujua kama yote yalikuwemo.

Jibu lilikuja baada ya miezi mingi. Kipkemei alifurahi: serikali imeahidi hakutakuwa na muungano watu wasipoutaka. Walichinja mbuzi. Pia alimsihi dada yake arudi nyumbani na Micah, ardhi ipo.

Cheptoo hakujua ashangilie au alie. Alimwomba Odero arudie mahali pale pa ahadi.

"Watu gani?" aliuliza. "Wa huko, au sisi wa huku pia?"

Odero aliigeuza karatasi, akatazama nyuma yake.

"Haikuandikwa," alisema.