Kobe Bado Yumo Kisimani

Saa nane mchana, Ijumaa. Katika nyumba moja ya ghorofa huko Fereej Bin Mahmoud, mtaa wa Doha, Jerusha Kerubo anafunga pazia zito, anazima taa na kuketi mkekani. Watoto sita wa manesi wa Kenya wanamsogelea. Mama zao wako nyuma, wanajifanya wanakunja nguo.

"Paukwa!"

"Pakawa!" wanaitikia, na mama ndio wenye sauti kubwa.

Kwao Nyamira, hadithi husimuliwa usiku. Wazee huonya kwamba anayesimulia mchana atapotelewa na ng'ombe. Lakini Kerubo, 33, ni mlinzi wa zamu ya usiku katika ghala moja Al Rayyan, kwa riyal 1,300 kwa mwezi. Usiku wake ni mali ya mwajiri, basi hujitengenezea mwingine kwa pazia.

"Ng'ombe sina hata mmoja," anatania. "Atapotea yupi?"

Aliyekaribia kumpotea ni mwanawe, Shaun. Alikuwa na miaka minne Kerubo alipoondoka mwaka 2011. Jioni ile alikuwa akimsimulia habari za kobe aliyetumbukia kisimani, gari la kwenda uwanja wa ndege likapiga honi. Hadithi ikakatikia hapo. Kwa miaka miwili mtoto, kila akiitwa kwenye simu, alikimbilia jikoni.

"Iliniuma kuliko njaa," anasema. "Namlipia karo mtoto asiyetaka hata sauti yangu."

Mwaka jana, akiwa amechoka kubembeleza, alimwomba nyanya anayemlea Shaun amwekee mtoto simu sikioni. Hakumsalimia. Alisema tu, "Paukwa." Kisha kisauti kikajibu, "Pakawa." Nyanya akagomba, hadithi gani za mchana? Lakini ni yeye aliyeinuka akafunga madirisha.

Tangu hapo simu huwekwa mkekani, Shaun akiitikia pamoja na wenzake wa Doha. Nesi Velma anakiri kwamba alikuja kumwangalia bintiye, akajikuta analia. "Nilimsikia marehemu mama," anasema.

Mkataba wa Kerubo unaisha Desemba. Mwingine umeshaletwa, ila hausaini mpaka afike nyumbani kwanza. Hadithi zote amezisimulia isipokuwa ya kobe. Alipojaribu, Shaun, sasa wa miaka saba, alimkatiza.

"Aliniambia, 'Hiyo usimalize kwa simu, mama. Utakuja uimalizie hapa. Usiku.'"

Tiketi ameshakata.